Uswidi, nchi ya watu wasiopenda kudaiwa

Ijumaa moja jioni kijana kutoka Mwanza, mgeni wa wiki tatu katika mji wa Uppsala, alikwenda kula piza na wanafunzi wenzake. Walikula, wakapiga soga hadi usiku, wakaagana vizuri. Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe kwenye simu yake: mwenzake aliyelipa mezani anaomba atumiwe krona 87, bei ya piza yake na soda. Akaja kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. "Kaka, nimewakosea nini hawa watu?"

Hakuwa amewakosea chochote. Yule mwenzake alikuwa anamtendea wema, kwa jinsi wema unavyoeleweka kule. Lakini kumweleza mtu jambo hilo akiwa bado ana uchungu si kazi rahisi, na mimi mwenyewe lilinichukua mwaka mzima kuniingia. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda Uswidi kusoma, wengine kufanya kazi au kuungana na familia zao, na wengi hukata shauri mapema kwamba Waswidi ni watu wakavu wasiotaka mtu. Mimi sikubaliani nao. Naona wamejenga maisha yao juu ya jambo ambalo sisi tumelijenga kinyume chake kabisa, nalo ni deni.

Kwetu mtu huishi kwa kudaiwa. Aliyechanga kwenye harusi ya dada yako anakudai, na zamu yake ikifika utachanga. Aliyekesha nanyi msibani anakudai. Mjomba aliyekulipia ada anakudai mpaka kaburini. Madeni hayo hayaandikwi mahali wala hayalipwi yakaisha, maana yakiisha na udugu umeisha. Mswidi akiitazama kamba hiyo inayotuunganisha, anaona mtu aliyefungwa. Wana msemo wao, "göra rätt för sig", maana yake mtu atimize fungu lake, asimwachie mwenzake mzigo. Sisi husema dawa ya deni kulipa. Wao huinywa dawa hiyo hata kwa deni la kikombe cha kahawa. Zile krona 87 zilikuwa na maneno ndani yake: mimi na wewe tuko sawa, sikudai, hunidai, Jumatatu tutakutana bila mmoja wetu kumwinamia mwingine. Angemlipia akanyamaza, kwa macho ya kwao angekuwa amemshusha.

Jambo hili halikuota lenyewe kama uyoga. Lina tarehe zake. Mwaka 1971 Uswidi iliacha kuwatoza mume na mke kodi ya pamoja, kila mmoja akawa anatozwa kwa mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1972 jumuiya ya wanawake ya chama kilichokuwa kikitawala, Social Democrats, ilitoa waraka kuhusu familia ya siku zijazo, na wazo lililoubeba lilikuwa kwamba mtu mzima asitegemee mkono wa ndugu yake kwa riziki: mke asimtegemee mume, mzee asimtegemee mwanawe, kijana asimtegemee baba. Mwaka 1974 likizo ya uzazi ikaacha kuwa ya mama peke yake, ikawa ya wazazi wote wawili, jambo ambalo hakuna nchi iliyokuwa imelifanya kabla. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na kati ya hizo siku 90 ni za kila mzazi binafsi, hawezi kumpa mwenzake. Ndiyo maana saa nne asubuhi siku ya kazi utawakuta wanaume wazima bustanini wanasukuma vigari vya watoto, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukopeshwa na serikali. Mzee hutunzwa na halmashauri, na sheria haimlazimishi mwanawe kumlisha.

Utegemezi waliuhamishia serikalini, wakaulipia kwa kodi nzito, ili ndugu na marafiki wapendane bila hesabu katikati yao. Gharama yake ipo, na Waswidi wenyewe huizungumzia: sehemu kubwa ya nyumba zao ina mtu mmoja tu ndani. Mimi nimepita kwenye korido za majengo yale Jumapili mchana nikasikia ukimya ambao Tanzania sijawahi kuusikia, hata makaburini. Sisemi kwamba mpango wao ni bora kuliko wetu. Nasema ni mpango, umefikiriwa, na mgeni akiujua ataacha kuyachukua kama matusi mambo ambayo si matusi.

Serikali iliyo mjomba wa watu wote sharti imjue kila mpwa wake. Huwajua kwa "personnummer", namba ya mtu, iliyoanza kutolewa mwaka 1947: tarehe ya kuzaliwa, kisha tarakimu nne, na ya tatu kati ya hizo nne ni witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke. Inatolewa na mamlaka ya kodi, Skatteverket, ambayo ndiyo inayoshika daftari la wakazi. Hadi mwaka 1991 daftari hilo lilikuwa mikononi mwa parokia za Kanisa la Kilutheri. Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya huipata akiwa na kibali cha kukaa cha miezi 12 au zaidi. Anayekwenda kwa muhula mmoja haipati, na tabu huanzia hapo. Bila namba hakuna BankID, ule utambulisho wa kwenye simu unaofungua benki, hospitali, kodi na karibu kila kitu. Bila BankID hakuna Swish.

Sisi tuliokua na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hudhani Swish ni ndugu yake mdogo. Ilianza mwaka 2012, ni kweli, na inatuma pesa kwa namba ya simu vilevile. Lakini M-Pesa ilimfuata mtu asiye na akaunti ya benki, mama wa gengeni na kijana wa bodaboda, wakati Swish ilijengwa na mabenki kwa wateja wao. Mgeni asiye na namba anabaki nje, noti zake mfukoni, katika nchi ambayo mabasi ya Stockholm hayapokei pesa taslimu na mikahawa mingi imeandika mlangoni kwamba haizitaki. Kwa hiyo safiri na kadi ya benki inayokubalika nje, na kama kibali chako kinatosha, nenda Skatteverket wiki ile ya kwanza, kabla hata ya kununua koti.

Neno la pili la kulijua, baada ya deni, ni zamu. Kwetu zamu ni ya mlinzi na muuguzi. Kwao ni ya kila mtu. Ukiingia famasi au ofisini tafuta kimashine kinachotoa karatasi ya namba. Usipoichukua, hata ukisimama pua kwa pua na karani, hujafika. Nyumba nazo zina foleni. Stockholm watu husubiri miaka mingi kupata nyumba ya foleni ya mji, na vyumba vya wanafunzi Uppsala navyo hutolewa sana kwa hesabu ya siku ulizosubiri. Anayeomba chuo ajiandikishe kwenye foleni ya chumba siku hiyohiyo anayotuma maombi, asingoje barua ya kukubaliwa. Hakuna mtu wa kumpigia simu akusogeze mbele, na kwa mgeni hiyo ni neema kubwa: pale kwenye foleni, wewe usiyejuana na yeyote una haki sawasawa na mwenyeji aliyezaliwa mtaani hapo.

Zamu iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya kufua. Majengo mengi ya ghorofa yana chumba kimoja cha kufulia, "tvättstuga", mara nyingi chini kabisa. Ukutani kuna ubao wenye vitundu vya siku na saa. Kila nyumba ina kikufuli chake kidogo, unakichomeka penye saa unazotaka, na saa hizo ni zako. Ukimaliza unafuta mashine, unasafisha kichujio cha nyuzi, unapiga deki sakafu. Jioni moja ya Novemba nilichelewa dakika 20 kutoa nguo zangu kwenye mashine ya kukaushia. Niliposhuka nilizikuta juu ya meza, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi, na juu yake karatasi. Mistari mitatu: hizi ni saa zangu, nimekuwa nikisubiri, tafadhali heshimu ratiba. Chini imeandikwa "jirani", bila jina.

Iliniuma sana. Tunapishana kila siku kwenye ngazi, kwa nini asigonge mlango akaniambia? Nilichukua muda kutambua kwamba, kwake, kugonga ndiyo ukatili. Angegonga, ningelazimika kusimama mbele yake na aibu yangu, niombe radhi, nitafute uso wa kuvaa. Karatasi ilinipa nafasi ya kuona haya peke yangu na kujirekebisha. Hayo ndiyo mawazo ya watu ambao adabu yao ya kwanza ni kutomsumbua mwingine. Hata wakikupigia simu huanza kwa kuuliza kama wanakusumbua.

Mimi nilirudi kwenye adabu yetu. Nilikaanga maandazi, nikayatia kwenye bakuli lenye kifuniko, nikaulizia nani alikuwa na zamu ile, nikagonga. Alifungua mama wa makamo. Alishtuka, akayapokea kwa mikono miwili, akasema "tack", ahsante, mara tatu au nne, mlango ukafungwa. Siku mbili baadaye bakuli lilikuwa mlangoni kwangu, limeoshwa, na ndani yake chupa ya jemu ya lingon, yale matunda-pori madogo mekundu yenye ukali. Pwani tunajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Lakini nilikaa na chupa ile mezani nikijiuliza: amerudisha bakuli kama tunavyorudisha sisi, ili kesho liende tena? Au amelipa, hesabu ikafungwa? Sikuwa na jibu, na sikuthubutu kuuliza.

Salamu zinachanganya wengi kwa sababu zinaonekana hazipo. "Hej" moja tu, kwa mtoto, profesa, kasisi au waziri. Hakuna shikamoo, na mtu wa kwetu hujihisi ametoka nje bila nguo. Hata hapo kuna tarehe. Hadi miaka ya 1960 Waswidi walikuwa wakiitana kwa vyeo, bwana mhandisi na bibi mwalimu, na wakati mwingine walizungukazunguka sentensi nzima kukwepa kumwambia mtu "wewe". Mwaka 1967 daktari Bror Rexed, alipokuwa anashika uongozi wa mamlaka ya afya ya taifa, aliwatangazia wafanyakazi wote kwamba atawaita "du", wewe, na wao wamwite hivyohivyo. Hakuwa wa kwanza, ila jina lake ndilo lililobaki likikumbukwa, na ndani ya miaka michache nchi nzima ikafuata. Kwa hiyo profesa akikuambia umwite kwa jina lake la kwanza, si mtego. Mwite. Ukishikilia kumwita "Profesa" barua hadi barua, utakuwa unamwekea umbali ambao wao waliubomoa kwa makusudi.

Na si kweli kwamba hawana taratibu za adabu. Shukrani ndizo salamu zao. Chakula kikiisha kila mtu humshukuru aliyepika kwa maneno yaleyale, "tack för maten", na mtoto hujifunza mapema kuyasema kabla ya kuondoka mezani. Mkikutana tena baada ya kualikwa nyumbani kwa mtu, hata kama ni wiki tatu zimepita, neno la kwanza ni "tack för senast", ahsante kwa mara ile. Ukilisahau halitatajwa, lakini limeonekana. Viatu huvuliwa mlangoni, jambo ambalo mtu wa Zanzibar au Mombasa hahitaji kufundishwa. Na ukienda kaskazini, Umeå na kupita hapo, usiogope ukimwuliza mtu swali akavuta pumzi ghafla kwa midomo iliyobana, kama aliyeungua na chai. Amesema ndiyo.

Mlango ulio wazi kuliko yote ni wa kahawa. "Fika" ni mapumziko ya kahawa na kitafunwa, aghalabu mkate mtamu wa mdalasini, na ofisi nyingi huwa nayo kama saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri. Sisi tuliosoma na kufanya kazi penye chai ya saa nne tunaweza kuielewa kuliko Wazungu wengine wengi. Bosi anakaa na mfagizi. Hapazungumzwi kazi sana. Wageni wetu wenye bidii hufanya kosa moja hapa: wanabaki kwenye kompyuta ili waonekane wachapakazi. Wanaonekana wamejitenga. Nenda, hata kama hunywi kahawa, na ikifika wiki yako ya kuleta keki, ilete. Mambo mengi ambayo mkutano utayapitisha kesho yamekwisha kulainishwa hapo, kwa sababu mkuu wa kazi kule mara chache huamuru. Huuliza mmoja mmoja mpaka wote waelekee upande mmoja. Inachosha kwa aliyezoea "bosi kasema".

Sasa saa. Anayesema Kiswahili anakwenda Uswidi na mzigo ambao wageni wengine wengi hawaubebi, kwa sababu saa yetu imefungwa kwenye jua. Jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na saa moja ni saa moja ya mchana kweli. Uswidi jua linaikataa saa hiyo. Karibu na tarehe 21 Desemba, Stockholm jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na huzama kabla ya saa tisa alasiri. Juni linachomoza saa tisa na nusu usiku na kuzama baada ya saa nne usiku. Nilipiga simu nyumbani mchana wa Desemba, mama akaniuliza mbona dirisha nyuma yangu jeusi, umelala wapi mwanangu? Kule Kiruna, kaskazini, kuna wiki kadhaa ambazo jua halichomozi kabisa, na wiki nyingine ambazo halizami. Ramadhani ilipoangukia majira ya joto, kama mwaka 2015 na 2016, mfungaji wa Stockholm alikuwa akishinda na njaa saa zinazokaribia 20, na wa Kiruna hakuwa na magharibi ya kungojea. Alilazimika kufuata ratiba ya mji mwingine.

Juu ya hapo lugha yao ina namna yake ya kusoma nusu. "Halv tre", ukiitafsiri neno kwa neno ni nusu ya tatu, ni saa 2:30 ya kwao, yaani saa nane na nusu yetu. Mtu anahesabu mara mbili kichwani na bado anakosea. Tarehe nazo huwekwa kwa namba za wiki: tukutane wiki ya 34. Na Uppsala mhadhara ulioandikwa saa nne huanza saa nne na robo, kwa desturi ya zamani ya chuo. Lakini ukialikwa chakula nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, hakuna robo. Wenyewe wakiwahi huzunguka mtaa mpaka dakika itimie, kisha ndipo hubonyeza kengele.

Giza si la kufanyiwa ushujaa. Linaingia mwilini. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua la huko wakati wa baridi halitoshi hata kwa Waswidi wenyewe. Watoto wote wachanga hupewa matone ya vitamini hiyo hadi wafike miaka miwili. Mwulize muuguzi mapema. Toka nje mchana, hata dakika 30, hata kama mbingu ni kijivu. Kuhusu mavazi neno ni moja: sufu mwilini, si pamba, maana pamba ikilowa jasho hugeuka barafu. Nunua pia kitambaa kinachong'aa ukivike kwenye mkono wa koti, kwa sababu mtu mweusi aliyevaa koti jeusi kwenye barabara nyeusi haonekani na dereva. Na utaona kuanzia mwisho wa Novemba kila dirisha lina nyota ya karatasi yenye taa au kinara cha umeme chenye taa saba. Wanaziweka zikitazama nje, kwa mpita njia. Kwa watu wanaosemwa hawajali jirani, mimi naliona hilo ni tendo kubwa.

Wazazi wasome hapa polepole. Mwaka 1979 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza kwa sheria kumpiga mtoto, hata kofi, hata nyumbani kwake na mzazi wake. Mwalimu au muuguzi akihisi mtoto yuko hatarini, sheria inamlazimu kutoa taarifa ustawi wa jamii, hana hiari. Familia nyingi zilizotoka kwetu, wakiwemo Wakongomani waliopelekwa huko kutoka kambi za wakimbizi, huishi na hofu kwamba watoto watachukuliwa, na hofu hiyo huwafanya waikwepe shule. Hapo ndipo mambo huharibika. Nenda kwenye mikutano ya wazazi. Uliza. Sema ulivyolelewa wewe. Sheria ile imetoka kwenye shina lilelile la zile krona 87: mtoto naye ni mtu kamili, hana deni la mwili wake kwa mtu. Mimi nimelelewa kwa bakora na wazazi wangu nawapenda, lakini nimeona kule watoto wa miaka mitano wakiulizwa maoni yao na kusubiriwa wajibu, na tangu hapo siwezi tena kuitetea bakora kama nilivyokuwa nikiitetea.

Kuna pia haki ambayo wazazi wengi wa Kiswahili hawaijui. Mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani anaweza kufundishwa lugha hiyo shuleni. Halmashauri hutakiwa kuitoa endapo wanafunzi wasiopungua watano wanaitaka na mwalimu anapatikana. Kiswahili kimo. Ombeni kwa maandishi, ombeni pamoja. Mtoto asiye na Kiswahili hataweza kuongea na bibi yake kwa simu, na hilo serikali haiwezi kulilipia.

Hospitali: ukiumwa piga 1177, muuguzi atakusikiliza, na mara nyingi atakwambia kunywa maji, meza panadol, subiri siku tatu. Hajakupuuza. Wanaogopa sana matumizi mabaya ya antibayotiki. Ikiwa ni hatari ya maisha, 112.

Halafu baada ya karatasi za namba, kufuli na ratiba, unagundua kwamba msitu hauna mlango. Haki inayoitwa "allemansrätten", haki ya kila mtu, iliyotajwa hadi kwenye katiba tangu 1994, inakuruhusu kutembea katika msitu wa mtu yeyote, kuchuma matunda-pori na uyoga, kupiga hema usiku mmoja, bila kumwomba mtu wala kumlipa, ilimradi usikaribie nyumba, usikanyage mazao, usiharibu kitu. Agosti nilijaza ndoo ya matunda ya buluu katika shamba la miti la mtu nisiyemjua. Mahali pasipo na mtu wa kumshukuru, Mswidi anapumua. Nimewaona wenzangu wa darasani, wale walionyamaza muhula mzima, wakiongea bila kukoma baada ya saa moja ya kutembea msituni.

Hiyo ndiyo njia ya urafiki wao: si kukaa mkitazamana mkiongea, ni kufanya jambo pamoja, ubavu kwa ubavu. Kwaya, timu ya mpira, chama cha wapanda baiskeli, duru ya kujisomea. Nchi ile imejaa vyama, na ndani ya chama mgeni ana zamu, na mwenye zamu ana nafasi. Mtanzania asilishangae sana. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alichota wazo lake kwenye shule za wananchi za Uswidi, zile "folkhögskola" ambako watu wazima hukaa pamoja kusoma na kufanya kazi. Kuna kipande cha Uswidi kiko Tanzania tangu zamani, sisi ndio hatukukitazama. Jiunge na chama kimoja, usiwe msikilizaji tu, jitolee kupanga viti. Itachukua muda mrefu kuliko kwetu. Rafiki niliyempata kwenye kwaya baada ya miezi minane bado ananiandikia.

Katikati ya Machi jua hurudi likiwa na joto kidogo. Theluji bado ipo chini, lakini ukuta unaotazama kusini unakuwa wa vuguvugu, na Waswidi hutoka, husimama wakiegemea ukuta huo, macho wameyafumba, uso juu, hawasemi kitu. Mara ya kwanza nilidhani wanasali. Mwaka wa pili nilikwenda nikasimama nao mbele ya jengo letu. Kidogo nikasikia mtu amekuja kuegemea karibu yangu. Nilifumbua jicho moja: yule mama wa chumba cha kufulia, miezi minne baada ya maandazi, macho yake yamefumbwa kama ya wote.

"Tack för senast," akasema.

Nikamwambia jemu yake ilikuwa tamu. Akanyamaza kidogo, kisha, bado amefumba macho, akaniuliza kama yale maandazi hukaangwa au huokwa.